Zawadi ya Krismasi Imfikiayo Askari Ikiwa Nzima

Kila mwaka mwezi wa Desemba ukifika nusu, vituo vya mabasi vya Kampala hufurika wananchi warejeao makwao kwa sikukuu. Kuku hufungwa miguu, magunia hupakiwa, na watoto hununuliwa nguo mpya. Lakini miongoni mwa wasafiri hao askari ni wachache. Ghala la silaha halina Krismasi, wala mpaka hauna Krismasi. Na kadiri raia wanavyojaa barabarani, ndivyo polisi wanavyozidi kuhitajika kazini. Kwa askari mwenye zamu, basi, sikukuu yote huwa ndani ya kifurushi kitokacho nyumbani, endapo kinamfikia.

Na mara nyingi kifurushi hicho hufika katika hali ya kusikitisha. Mama wa nyumbani amekesha jikoni akikaanga mandazi na kabalagala, amekata na kipande kinono cha keki ya sikukuu, akavifunga vyote katika mfuko wa nailoni vikiwa bado na uvuguvugu. Kifurushi kinasafiri siku tano au sita. Kinapofunguliwa kambini, mandazi yameota ukungu wa kijani, kabalagala zimechacha, na keki imekuwa uji. Askari hula kile kinacholika, hutupa kilichobaki nyuma ya jiko wenziwe wasimwone, kisha humwandikia mkewe kwamba kila kitu kilikuwa kitamu sana. Uongo wa namna hii ni wa heshima, lakini fedha zimekwisha kupotea, na mwakani mke atarudia mapishi yaleyale kwa moyo uleule.

Tatizo hili ni la zamani kama majeshi yenyewe, na mataifa mengine yamewahi kulishughulikia kwa makini. Inafaa tutazame walivyofanya, kisha turudi katika jiko letu la makaa.

Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, Malkia Victoria aliamua kuwapelekea askari wake zawadi ya mwaka mpya wa 1900. Zawadi yenyewe ilikuwa nusu ratili ya chokoleti ndani ya mkebe wa bati wenye sura yake na salamu za mwaka mpya. Kazi hiyo walipewa watengenezaji wakuu watatu wa chokoleti wa nchi hiyo, yaani Cadbury, Fry na Rowntree. Hapo likazuka jambo la ajabu. Wenye viwanda hivyo vyote vitatu walikuwa wa madhehebu ya Quaker, ambayo yanakataza vita, nao hawakutaka ionekane kwamba wanajipatia faida au sifa kwa damu ya watu. Chokoleti ilitengenezwa, lakini mikebe haikuandikwa jina la kampuni yoyote.

Askari wengi walioipokea hawakuila. Waliirudisha nyumbani kama kumbukumbu, mkebe na vilivyomo. Mwaka 2020 Maktaba ya Taifa ya Australia ilitangaza kwamba imeukuta mkebe mmoja wenye chokoleti yake katika mali ya mshairi Banjo Paterson, aliyekuwa mwandishi wa habari katika vita hivyo. Na mwaka 2021 mwingine ukaonekana Uingereza, katika jumba la Oxburgh Hall, umefichwa ndani ya sanduku la kofia ya chuma ya afisa mmoja. Zaidi ya miaka 120 ilikuwa imepita, na vipande vilikuwa bado vinatambulika kuwa chokoleti, ijapokuwa hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angevitia kinywani.

Hapa naomba msomaji aliye polisi aniwie radhi nitoke nje ya njia kidogo. Watengenezaji wale walitoa wakakataa jina lao lisisomeke. Sasa tulinganishe na mfanyabiashara ambaye tarehe 23 Desemba hupeleka kituoni kreti za soda na mfuko wa sukari, akahakikisha kwamba mkuu wa kituo amemwona na amelisikia jina lake vizuri, ilhali faili lake limo kabatini likingoja uchunguzi. Hiyo nayo huitwa zawadi ya Krismasi. Soda hunywewa siku moja, na faili hubaki kabatini hadi Pasaka. Askari hahitaji kifungu cha sheria ili aitambue tofauti baina ya zawadi hiyo na biskuti za mama yake. Ulimi wenyewe huijua.

Tuendelee. Mpango mkubwa kupita ule wa chokoleti ulikuwa wa mwaka 1914. Binti wa Mfalme George wa Tano, Princess Mary, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17, aliwaomba wananchi mnamo Oktoba wachange fedha ili kila baharia na kila askari aliye vitani apate zawadi siku ya Krismasi. Zikatengenezwa sanduku ndogo za shaba ya manjano, urefu wake kama inchi 5, zenye sura ya binti huyo juu ya kifuniko. Ndani yake askari wa kawaida alipata tumbaku ya kiko, sigara 20, kiko, kiwashio, kadi na picha. Hadi kufikia siku ya Krismasi, sanduku zaidi ya 355,000 zilikuwa zimekwisha gawiwa. Waliosalia walipewa zao baadaye, wengine wakingoja miaka, kwa kuwa shaba ilihitajika katika viwanda vya risasi, na shehena mojawapo ya shaba iliyoagizwa kutoka Marekani ilizama pamoja na meli ya Lusitania mwezi Mei 1915.

Linalostahili kusifiwa zaidi katika mpango huo ni kwamba waliouandaa walijiuliza swali ambalo watoaji wengi husahau kujiuliza: je, anayepewa ataweza kukitumia anachopewa? Asiyevuta sigara aliwekewa peremende, pamoja na kalamu ya risasi na karatasi za kuandikia barua. Wauguzi walipewa chokoleti. Masingasinga, ambao dini yao hairuhusu tumbaku, waliwekewa sukari ya vipande na kikopo cha viungo. Katika kambi zetu, ambamo Mkristo na Mwislamu hulala kitanda juu ya kitanda, busara hiyo ina maana sana. Biskuti iliyookwa kwa mafuta ya nguruwe haiwezi kugawanywa kwa wenzi wote wa kikosi. Iliyookwa kwa siagi au mafuta ya alizeti inaweza. Na mwenzio Mwislamu aliyekupokea zamu asubuhi ya Krismasi anastahili kuonja sikukuu, kama wewe ulivyoonja visheti vyake siku ya Idi.

Usiku wa Desemba 24 mwaka huohuo wa 1914, katika baadhi ya mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa, Wajerumani walisimamisha miti midogo ya Krismasi yenye mishumaa na kuimba. Kesho yake askari wa pande mbili walitoka wakakutana katikati, mahali ambapo siku iliyotangulia mtu asingeinua kichwa, wakazika maiti zao na kubadilishana walivyokuwa navyo: sigara, soseji, chokoleti, keki za nyumbani, hata vifungo vya koti. Haikuwa hivyo kila mahali. Penginepo risasi ziliendelea siku nzima. Makamanda wakuu hawakupendezwa na jambo hilo, na mwaka uliofuata walitoa amri kali lisirudiwe. Lakini tazama kile askari wale walichokuwa nacho mfukoni cha kumpa adui. Kilikuwa kimetoka nyumbani, kimepita posta, reli na matope, na bado kilikuwa kinafaa kuliwa.

Siri yake ni nini? Siri hiyo waokaji wa Ulaya waliijua kabla ya vita hivyo kwa karne nyingi. Katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, huokwa mikate ya asali iitwayo Lebkuchen, ambayo ni mapishi makuu ya Krismasi ya nchi hiyo. Mji ulikuwa katika njia ya wafanyabiashara wa viungo, na msitu uliouzunguka ulikuwa na nyuki wengi. Unga huchanganywa na asali, lozi au jamii nyingine ya kokwa, mdalasini, kungumanga, iliki na karafuu. Karafuu hiyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ilitoka kwetu Afrika ya Mashariki, katika mashamba ya Unguja na Pemba, ambako mikono ya watumwa ndiyo iliyoichuma. Mkate wa asali huweza kukaa wiki nyingi. Tena baadhi yake hutoka jokoni ukiwa mgumu, kisha hulainika polepole ndani ya mkebe, kwa sababu asali huvuta unyevu wa hewani. Mwokaji wa namna hii hupika mapema makusudi, mwezi wa Novemba, ili kiliwe Desemba.

Mji wa Dresden una mkate wake uitwao Stollen, uliojaa zabibu kavu, uliopakwa siagi na kunyunyiziwa sukari ya unga hadi unakuwa mweupe; watu husema unafanana na mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo. Zamani ulikuwa mkate mkavu usio na ladha, kwa kuwa majuma ya kabla ya Krismasi yalikuwa ya mfungo na Kanisa lilikataza siagi. Watawala wa Saxony walimwomba Baba Mtakatifu mjini Roma aondoe katazo hilo, na mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane akatoa barua ya ruhusa, ambayo ilikwenda pamoja na malipo kwa ajili ya ujenzi wa kanisa. Askari watapendezwa zaidi na habari ya mwaka 1730. Mfalme Augustus alifanya mazoezi makubwa ya kijeshi huko Zeithain, akaamuru uokwe Stollen mmoja wenye uzito wa tani 1.8, ukagawiwa vipande kwa umati uliokuwapo. Ilikuwa mwezi wa Juni, wala si Krismasi. Mfalme haulizwi kalenda.

Waingereza wao hutegemea keki ya matunda makavu. Mwaka 2017 watunzaji wa mambo ya kale wa New Zealand waliikuta keki ya namna hiyo katika kibanda cha Cape Adare, bara la Antaktiki, ndani ya mkebe ulioliwa na kutu. Inaaminika iliachwa na watu wa msafara wa Kapteni Scott mnamo mwaka 1911. Keki ilikuwa nzima, na harufu yake ilikaribia kuwa ya keki ya kuliwa. Ni kweli baridi kali ya huko ilisaidia. Hata hivyo mandazi yangeshindwa hata huko.

Kinachoozesha chakula ni vijidudu na ukungu, navyo vinahitaji maji. Mandazi yana maji mengi ndani yake. Keki laini ya mayai na maziwa ina maji. Kabalagala, kwa sababu ya ndizi, ndiyo yenye maji kupita zote. Lakini pale ambapo sukari ni nyingi, au asali ni nyingi, maji yaliyomo hushikwa na sukari na vijidudu havipati ya kunywa. Na pale ambapo kitu kimeokwa kikakauka hadi kinavunjika kwa mlio, maji hayapo kabisa. Ndiyo maana biskuti ngumu, tofi, kashata na mkate wa asali husafiri, na vinginevyo hubaki nyumbani kuliwa na watoto.

Waaustralia na watu wa New Zealand wana biskuti ziitwazo za Anzac, za shayiri nyembamba na asali ya sukari, zisizo na yai hata moja. Inasimuliwa kwamba kina mama walizipeleka vitani katika vita vya 1914 hadi 1918, ijapokuwa wanahistoria huona kwamba nyingi ziliuzwa katika michango ya kuwasaidia askari, na jina hilo lilienea baadaye. Jina lenyewe sasa linalindwa na serikali. Mwenye duka akizibadili mno na bado akaziita za Anzac, huweza kuulizwa.

Sasa tuingie jikoni. Biskuti za tangawizi zifuatazo hazihitaji yai wala maziwa, na mtu mwenye jiko moja la makaa anaweza kuzipika.

Chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari robo kilo, siagi gramu 125, na asali kiasi cha gramu 150. Ongeza vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja cha mdalasini, robo kijiko cha karafuu iliyosagwa, na kijiko kimoja cha magadi soda. Yeyusha siagi, sukari na asali pamoja kwa moto mdogo, uache mchanganyiko upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo umimine katika unga uliokwisha changanywa na viungo. Kanda, funika, acha kwa saa moja au zaidi. Sukuma uwe mwembamba kama sarafu mbili zilizopandanishwa, kisha ukate kwa mdomo wa glasi. Yeyote asiye na joko na atie mchanga mkavu katika sufuria kubwa, aupashe moto robo saa, aweke mawe matatu juu ya mchanga, na juu ya mawe sinia la bati lenye biskuti. Afunike na kuweka makaa machache juu ya mfuniko. Dakika 10 hadi 12 zinatosha. Biskuti ikitoka itakuwa laini, iachwe. Ikipoa huwa ngumu. Ikiwa kesho yake bado inapinda, irudishwe katika joto dogo ikauke, maana biskuti inayopinda ndiyo itakayoota ukungu huko Karamoja.

Kashata ya njugu inahitaji uangalifu zaidi, na tafadhali watoto wakae mbali, kwa kuwa sukari ichemkayo huunguza vibaya kuliko maji. Vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha maji na matone machache ya ndimu huwekwa motoni. Ndimu huizuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Sukari ikishayeyuka, usikoroge tena. Maji yanavyozidi kuondoka ndivyo joto linavyozidi kupanda, na kila daraja la joto lina tabia yake. Tone likitiwa katika bakuli la maji baridi kwenye nyuzi kama 115 za sentigredi, hufanya donge laini linalobonyea kati ya vidole. Hapo ni pa kutengeneza tofi laini ya maziwa. Kwenye nyuzi 125 donge huwa gumu. Karibu na nyuzi 150 tone huvunjika kama kioo, na hapo ndipo pa kashata. Likipita 170 lina uchungu, na kazi imeharibika.

Mwenye kipimajoto asikitegemee mno. Vipimo hivyo vimeandikwa kwa ajili ya mahali palipo usawa wa bahari. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, chini ya hapo. Kwa hiyo kipimo hupungua kwa nyuzi nne au zaidi kadiri unavyopanda mlima. Bakuli la maji baridi halidanganyi popote. Tone likivunjika, mimina vikombe viwili vya njugu zilizokwisha kaangwa na kumenywa, geuza haraka, mwaga juu ya sinia lililopakwa mafuta, na kata kabla halijapoa. Katika Lango na Acholi, ambako simsim ni mazao ya nyumbani, simsim iliyokaangwa huchukua nafasi ya njugu, na kwa maoni ya mwandishi huyu hupendeza zaidi.

Chokoleti ya dukani isipelekwe mahali pa joto. Mafuta yake huyeyuka kabla ya kufikia joto la mwili wa binadamu, na kifurushi kizima hupakwa. Jeshi la Marekani liliuona ugumu huo mwaka 1937, ambapo Kapteni Paul Logan aliitaka kampuni ya Hershey itengeneze kipande cha chokoleti chenye kustahimili joto, kisichokuwa na ladha nzuri kupita kiasi, ili askari asikile kabla ya dharura. Kampuni ilitii kwa ukamilifu. Askari wengi wa vita vya pili walikichukia kipande hicho wakakitupa.

Askari wa Uganda wamekuwa nchini Somalia tangu Machi 2007, na pwani ile ina joto na unyevu wa bahari. Kwa aliyeko huko, au popote penye hewa nzito, hatari ya kashata si kuoza, ni kunata. Sukari kavu hunyonya unyevu hadi vipande vyote vinakuwa donge moja. Kila kipande kifungwe peke yake katika karatasi ya nta au ya kuokea, kisha vyote viingie katika kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kinachobana, na chini yake zitangulizwe punje chache za mchele mkavu katika kitambaa. Biskuti zisiwekwe kopo moja na kashata, wala kopo moja na sabuni. Biskuti hunusa kila kitu. Vyote vipoe usiku mzima kabla ya kufungwa, kwa kuwa mvuke wa kitu cha moto ndio maji ya kwanza ya ukungu. Nafasi zinazobaki zijazwe magazeti yaliyokunjwa, ili kifurushi kikitikiswa kisitoe sauti.

Juu yake yaandikwe jina, namba ya kazi na kikosi, bila kutaja mahali kikosi kilipo wala idadi ya watu waliopo. Vifurushi vya Desemba huchelewa, hivyo mpishi aanze wiki ya mwisho ya Novemba. Barua iwekwe juu kabisa, katika bahasha yake ndani ya nailoni, kwa sababu siagi hupenya karatasi na wino hutawanyika hata jina la mtoto lisisomeke.